Kumheshimu Brigid nyumbani kila siku: mwongozo kamili kwa aliyeanza akakwama

Kila Februari, baada ya sikukuu ya Brigid, mungu wa kike wa Ayalandi, maswali mnayoniletea ni yale yale. Msalaba wake wa nyasi umefumuka kabla haujafika mlangoni. Meza ya mungu wa kike ilipendeza wiki moja, sasa imejaa vumbi, risiti na funguo. Mshumaa ulipangwa kuwaka usiku kucha, mwenyewe akapitiwa na usingizi saa nne. Na wengi mnamalizia kwa maneno yanayoniuma: labda Brigid hanitaki.

Hapana. Mimi ni mtu wa Pangani, naishi katika kaunti ya Kildare huku Ayalandi, nalea wazee kwa zamu za usiku na mchana, na nimeyapitia makosa hayo yote kwa mikono yangu. Moyo wenu hauna kasoro. Mnaanza na sikukuu kabla hamjajenga siku ya kawaida. Brigid ni wa jikoni, wa kisimani na wa karakana. Mnamwandalia harusi wakati anasubiri kualikwa kwenye chai ya asubuhi.

Neno moja kabla hatujaingia kazini. Kwetu “mpagani” ni tusi. Huku Ulaya na Marekani wanaofuata njia hii wamelichukua wenyewe na kujiita hivyo bila aibu, ndiyo maana nalitumia. Na wewe unayemjua Brigid kama mtakatifu wa Kanisa, mkuu wa watawa wa Kildare, huna ugomvi na mimi. Mila nyingi zilizomo humu Wakatoliki wa huku wanazitenda pia, tena wao ndio waliozitunza.

## Vitu vya kuwa navyo

Kusanya vyote kwanza. Ukianza kutafuta kiberiti katikati ya kazi, fikra zimeshatoka.

- Mshumaa mmoja mnene, ndani ya chombo cha kioo ambacho ukingo wake unazidi kimo cha mwali.
- Taa ndogo ya betri yenye umbo la mshumaa. Usiidharau, utaiona kazi yake hatua ya 5.
- Sahani ya kauri au bati ya kuweka chini ya mshumaa.
- Bakuli dogo la maji. La udongo ni zuri zaidi, la kioo linafaa.
- Daftari na kalamu.
- Kitambaa cha pamba tupu, urefu wa mkono wako. Kipande cha kanga kuukuu ni kizuri mno, mradi kiwe pamba kweli. Chomoa uzi mmoja, uchome nje: pamba huacha jivu laini, nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha donge gumu.
- Nyasi za kinamasi 13 kwa msalaba wa kwanza, na nyingine saba za akiba kwa sababu zitakatika. Kila moja iwe na urefu wa sentimita 40 au zaidi.
- Raba nne za kufungia na uzi wa katani au wa pamba.

Sanamu, mawe ya rangi, ubani wa bei kubwa: havihitajiki. Ukipewa zawadi, weka. Usikope fedha kuvinunua.

Kama umepanga nyumba, soma mkataba wako kuhusu mishumaa kabla ya kuwasha chochote. Kama unaishi na familia isiyo ya njia hii, bakuli la maji na taa ya betri karibu na birika havitaleta maneno. Usimlazimishe mtu kushiriki, na usimfiche mwenzi wako jambo linalofanyika chini ya paa moja.

## Hatua ya 1: Chagua mahali unapopita, si mahali panapopendeza

Wengi huweka madhabahu chumbani, juu ya kabati, mbali na macho ya wageni. Ndiyo sababu ya kwanza ya kukwama. Kitu ambacho hukipiti hukikumbuki.

Tafuta nafasi ya upana wa viganja viwili karibu na unapochemshia maji. Iwe hatua moja au mbili kutoka jiko, isiwe juu ya jiko. Panguse kwa maji ya moto na sabuni, pakauke. Weka sahani, juu yake mshumaa, kando yake bakuli. Basi, madhabahu imekwisha.

Tahadhari: juu ya mshumaa pawe wazi, pasiwe na rafu wala kabati. Pazia, taulo za jikoni na karatasi ya kufutia mikono vikae mbali. Jaribu kwa kufungua dirisha: kama pazia linapepea kuelekea hapo, hama.

Utajua umefaulu siku ya tatu au ya nne, utakapojikuta umesimama mbele ya bakuli bila kupanga, mkono mmoja ukiwa bado umeshika kikombe.

## Hatua ya 2: Asubuhi, maji kwanza kisha moto

Kazi hii inaenda sambamba na kuchemsha chai. Muda wake ni ule wa birika kuchemka, usizidi.

1. Washa birika.
2. Mwaga maji ya jana kwenye chungu cha maua au bustanini. Yakimwagwa kwenye sinki si dhambi, ila mmea utakushukuru.
3. Suuza bakuli, lijaze maji mapya. Chovya kidole, gusa paji la uso au viganja vyako.
4. Washa mshumaa. Sema maneno machache, yale yale kila siku. Mimi husema: “Brigid, karibu jikoni. Moto huu ni wako, na kazi ya leo nimeikabidhi kwako.”
5. Simama kimya mpaka birika lizime.
6. Zima mshumaa kabla ya kutoka jikoni.

Kwa nini maji yatangulie? Kwanza, Brigid ana visima kila pembe ya nchi hii, maji ni yake sawa na moto. Pili, kuna sababu ya mwili: asubuhi akili imelala, na maji ya baridi vidoleni huiamsha. Ukianza na kiberiti ukiwa na usingizi, unawasha kama unavyowasha taa ya chooni.

Msitunge sala ndefu. Nimeona watu wakiandika kurasa mbili za sifa kwa lugha ya heshima kubwa, siku ya nne wanaona uzito, siku ya sita wanaacha. Maneno yatoshe kusemwa na mtu mwenye mafua.

## Hatua ya 3: Mpe kazi moja ya mkono

Hapa ndipo njia hii inapokuwa maisha. Kamusi ya kale ya Ayalandi iitwayo ya Cormac, ya karibu mwaka 900, inawataja dada watatu wenye jina hilo moja la Brigid, binti za mungu Dagda: mmoja wa washairi, mmoja wa tiba, mmoja wa uhunzi. Kwa hiyo kila siku chagua moja kati ya tatu, uitende kwa jina lake.

Ushairi: andika mistari miwili kwenye daftari. Miwili tu. Sisi tuna bahati, tumelelewa kwenye lugha ya vina na mizani, na mshororo wa mizani 16 ni sadaka iliyokamilika. Huu ni wangu wa asubuhi moja ya mvua:

*Mwenye moto wa jikoni, nimewasha kwa imani,*
*Maji haya bakulini, yatoka mferejini.*

Si shairi la kushinda tuzo. Nililihesabu kwa vidole nikisubiri basi, na siku ile nzima nilikuwa naye.

Tiba: mpigie simu mgonjwa. Mkate kucha mzee asiyeweza kuinama. Pika supu, upeleke. Kunywa dawa zako mwenyewe kwa wakati, hiyo nayo imo.

Uhunzi: chochote kinachorudisha kitu kwenye kazi yake. Noa kisu, shona kifungo, kaza skrubu ya mlango unaolia, paka mafuta mnyororo wa baiskeli.

Usijaribu zote tatu kwa siku moja. Ukifanya hivyo unajenga orodha ya kazi, na orodha huzaa deni. Moja, itaje kwa sauti kabla ya kuianza, imalize. Jioni iandike kwa mstari mmoja wenye tarehe. Ukiwa na kurasa mbili za mistari hiyo, zisome zote kwa mkupuo. Hapo ndipo wengi hulia kidogo, kwa sababu wanagundua hawakuwa peke yao.

## Hatua ya 4: Usiku, fukia moto

Wanawake wa zamani wa Ayalandi hawakuzima moto usiku. Walikusanya makaa, wakayafunika kwa majivu, wakamwomba Brigid aulinde moto na waliolala ndani. Asubuhi walipangua majivu, kaa likawa bado jekundu.

Nilipoelezwa hilo mara ya kwanza nilicheka kwa furaha. Bibi yangu alifanya vile vile. Alichagua kaa moja kubwa, akalilaza katikati ya mafiga, akalifukia kwa upande wa kijiko cha upawa, akapigapiga majivu taratibu kama anayembembeleza mtoto. Hakumtaja Brigid, hakuwahi kumsikia. Lakini alinyamaza kila alipofanya hivyo, na sisi tukajua kunyamaza.

Kwenye jiko la umeme hakuna kaa la kufukia, kwa hiyo fanya hivi:

1. Futa jiko, kausha sinki. Jiko chafu halifungwi.
2. Hakikisha plagi na vitufe vyote vimezimwa. Ulinzi wa moto uanze na jambo lenyewe.
3. Funika mshumaa uliozimwa kwa kiganja chako, ukiwa umepoa, au kwa kisahani kidogo.
4. Sema: “Brigid, nimefukia moto. Walinde waliolala.” Taja majina yao, hata walioko mbali. Mimi huanza na Pangani.

Tahadhari kuu ya mwongozo huu wote: usilale mshumaa ukiwaka. Hata ndani ya kioo, hata ndani ya beseni la maji, hata kwa nia njema kiasi gani. Mungu wa kike anayelinda nyumba na moto haheshimiwi kwa kuihatarisha nyumba.

## Hatua ya 5: Hesabu siku 19, ya 20 mwachie

Hii ndiyo hatua ambayo ingewaokoa karibu wote mlioniambia mmeshindwa.

Mwandishi Gerald wa Wales, aliyefika Ayalandi karne ya 12, aliandika kuhusu moto wa Kildare uliotunzwa na watawa 19 kwa zamu, kila mmoja usiku wake. Usiku wa 20 mtawa wa 19 aliweka kuni kando ya moto, akamwambia Brigid autunze mwenyewe, usiku huo ni wake. Asubuhi kuni zilikuwa zimeungua na moto uko hai. Moto ule ulizimika zamani. Mwaka 1993 masista wa shirika la Brigid waliuwasha tena Kildare mjini, na leo unatunzwa katika kituo chao cha Solas Bhríde. Wapagani wa nchi nyingi wamejiunga kwa vikundi vya zamu kwa hesabu ile ile ya siku 20.

Angalia busara iliyomo. Hata waliokuwa na moto wa kudumu hawakudai kuwa wao ndio wanaoushikilia ulimwengu. Pumziko limo ndani ya ibada yenyewe.

Kama uko peke yako: andika namba 1 hadi 20 kwenye daftari. Siku 19 fanya hatua ya 2 hadi ya 4. Siku ya 20 usiwashe kitu, usibadilishe maji, usiandike. Pita mbele ya bakuli useme, “Leo ni zamu yako.” Kisha rudi namba 1. Ukikosa siku katikati, usirudi mwanzo na usilipe deni. Weka kistari, endelea na namba inayofuata.

Kama mko kikundi: kila mtu achukue namba yake, na zamu iende kutoka machweo hadi machweo. Mwali halisi uwake pale tu ulipo macho na chumbani. Ukitoka kwenda kazini au ukilala, hamishia zamu kwenye taa ya betri: iwashe kwanza, kisha zima mshumaa, ili mwanga usikatike. Mimi mwenye zamu za usiku nimeshika hivyo kwa miaka, taa ndogo ikiwa jikoni na mimi nikiwa na wazee wangu. Sioni upungufu wowote ndani yake.

Walio chini ya 19 wagawane namba mbilimbili. Namba 20 isipewe mtu kamwe, hata akiomba.

## Hatua ya 6: Suka msalaba

Sasa, na si kabla, njoo kwenye msalaba. Uwe umemaliza angalau mzunguko mmoja wa siku 20. Msalaba ni mlinzi wa nyumba dhidi ya moto na maradhi, na una maana zaidi kwenye nyumba ambayo tayari moto wake unatunzwa.

### Nyasi

Huku hutumika nyasi za kinamasi zinazoota kwenye malisho yenye maji: kijani, mviringo, hazina majani, na ndani zina kiini cheupe laini kama sifongo. Zamani kiini hicho kilichovywa kwenye mafuta ya mnyama kikawa utambi wa taa za maskini. Kwa hiyo unaposuka msalaba unashika mkononi mmea uliokuwa pia mwanga wa nyumba.

Ombeni ruhusa kwa mwenye shamba. Mila inasema nyasi hung’olewa, hazikatwi kwa kisu. Ina sababu ya kikazi pia: ukivuta unapata urefu wote hadi kwenye sehemu nyeupe ya chini, iliyo laini kuliko zote. Shika karibu na mzizi, vuta moja moja kwa kunyooka, utasikia mlio mdogo kama wa kizibo.

Zisukwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Zikikauka, zinyunyizie maji, zifunge kwenye taulo bichi usiku mmoja. Usiziloweke kwenye beseni siku nzima: zinavimba, na zikikauka zinasinyaa kuliko kawaida, msalaba unalegea.

Ulioko Tanga, Mombasa au Kisumu, tumia ukindu au miyaa iliyolowanishwa kama ya kusukia mkeka. Ipasue vipande vyembamba vyenye upana sawa. Aliyewahi kusuka ukili atafika haraka, ila inambidi asahau mwendo wa ukili: hapa hakuna kupitisha chini na juu, ni kukunja na kugeuza tu.

### Usukaji

1. Shika unyasi wa kwanza wima kwa mkono wa kushoto. Huu haukunjwi.
2. Kunja wa pili katikati, uvishe juu ya ule wa kwanza, katikati yake. Mkunjo ukumbatie unyasi wa kwanza, ncha zote mbili zielekee kulia.
3. Bana makutano kwa kidole gumba na cha shahada. Kuanzia sasa gumba lisiachie hata kama mtu anagonga mlango.
4. Geuza kazi yote robo ya mzunguko, kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Ncha zilizokuwa kulia sasa zinatazama juu.
5. Kunja unyasi mpya, uvishe kwenye *zote* zinazotazama juu, ncha zielekee kulia. Uvute, kisha usukume mpaka ugusane na kiini cha msalaba, yaani katikati yake.
6. Geuza tena upande ule ule. Vika mwingine. Endelea mpaka nyasi 13 ziishe: mmoja wa kiini na tatu kwa kila mkono.
7. Funga kila mkono kwa raba, sentimita chache kutoka mwisho. Punguza ncha zilingane.

Katika usukaji huu, namba 5 ndiyo inayowaangusha watu. Unyasi mpya ukikumbatia baadhi tu ya zilizo juu, zile zilizobaki nje hazina anayezishika. Msalaba utaonekana mzima mkononi, ukiuweka mezani unafunguka kama ngumi iliyochoka. Kabla ya kugeuza, pitisha ukucha chini ya mkunjo uhakikishe hakuna uliobaki nje.

Kosa la pili ni kugeuza mara huku mara kule. Weka kikombe upande wako wa kulia kama alama: unyasi mpya daima unaelekea kikombe.

Kosa la tatu ni haraka. Kila baada ya mizunguko miwili bonyeza kiini kwa gumba, sukuma mikono yote kuelekea katikati. Kiini kikikaa sawa utaona mraba mdogo wenye mistari inayozunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu.

Wiki moja baadaye nyasi zitakuwa zimesinyaa. Ondoa raba, vuta kila mkono taratibu, funga kwa uzi kwa fundo la kudumu. Karibu hakuna anayeambiwa hili, na ndiyo maana misalaba mingi hudondoka mwezi Machi. Ukishauweza wa 13, jaribu wa 29, saba kwa kila mkono.

### Pa kuutundika

Ndani, juu ya mlango mkuu. Sema nia yako ukiupachika. Ukidumu mwaka mzima, utaondolewa mwakani utakapowekwa mpya. Wengine huuchoma, wengine huzika shambani, na kuna nyumba za zamani ambako misalaba ya miaka mingi imebaki darini. Ukichoma, choma nje, kwenye chombo cha chuma. Nyasi kavu huwaka kwa kishindo.

## Hatua ya 7: Usiku wa Januari 31

Sikukuu yake, Imbolc, ni Februari 1, na inaanza jioni ya Januari 31. Msichanganye na siku ya mapumziko ya taifa iliyoanza 2023: hiyo huangukia Jumatatu ya kwanza ya Februari, isipokuwa tarehe mosi ikiwa Ijumaa. Pumzika Jumatatu, ila mkesha fanya tarehe yake.

Wapagani wa Australia huihamishia mwanzoni mwa Agosti, wakati baridi yao inapokwisha. Kwa Afrika Mashariki, mimi nashauri kubaki na Februari 1. Kwetu hakuna baridi ya kuaga, na kushika tarehe moja na waliowasha Kildare kuna nguvu yake.

Machweo ya Kildare siku hiyo ni karibu saa kumi na moja jioni. Kabla jua halijazama, funga kile kitambaa cha pamba nje, kwenye kichaka au kamba ya nguo. Kinaitwa brat Bríde, vazi la Brigid. Wenyeji husema anapita usiku na kukigusa. Funga kwa nguvu, upepo wa huku hauna adabu.

Pika viazi, viponde na maziwa na siagi nyingi. Ni chakula cha mkesha huu, na siagi ndiyo heshima yenyewe, maana msimu huu kondoo wanaanza kutoa maziwa. Weka sahani moja ya ziada.

Kisha mlango. Mmoja wenu atoke nje akiwa amebeba nyasi au msalaba. Agonge mara tatu, awaambie walio ndani wapige magoti, wafumbue macho, wamruhusu Brigid aingie. Walio ndani wajibu: karibu, karibu mwanamke mheshimiwa. Anayebisha hodi hujibiwa hodi yake, na sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa namna ya kufungua mlango kwa moyo. Kama unaishi peke yako, toka, gonga mlango wako mwenyewe, useme maneno ya nje ukiwa nje na ya ndani ukiwa ndani. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo nikiwa na koti la kazini, na mkono ulitetemeka kwenye kitasa.

Asubuhi ingiza kitambaa, hata kama kimeloa chapa. Kikaushe ndani, kikunje, kihifadhi. Watu hukiweka kichwani kwenye maumivu ya kichwa, shingoni kwenye koo linalouma, na zamani kiliwekwa kwa mama anayejifungua. Kitumie kumfariji mgonjwa *pamoja* na daktari. Homa kali, maumivu ya kifua, damu ya mjamzito: hospitali kwanza, kitambaa kiende mfukoni.

## Ukienda kisimani

Kildare kuna kisima chake maeneo ya Tully, na Liscannor, kaunti ya Clare, kuna kingine kinachopendwa sana. Nenda, kaa, chovya vidole. Usinywe maji ambayo hayajapimwa. Usiache mishumaa wala sarafu majini. Ukitaka kufunga kitambaa mtini, kiwe pamba au sufu, chembamba, kifungwe kwa kulegea ili tawi likue. Nimefungua kwa mikono yangu utepe wa nailoni uliokuwa umekata gome hadi kwenye nyama ya mti. Aliyeufunga aliomba uponyaji, nao mti ukaugua.

## Bado umekwama?

Naona aibu kusema kwa sauti. Nong’ona. Ila midomo isogee.

Sihisi chochote. Usipime kwa hisia kabla ya mizunguko mitatu, yaani siku 60. Pima kwa daftari: je, kuna mgonjwa aliyepigiwa simu, kuna kisu kilichonolewa?

Nimekosa wiki nzima, nimefiwa. Weka vistari saba. Siku utakayoweza, badilisha maji tu, usiwashe moto. Kesho yake washa.

Mtoto anataka kushiriki. Mpe bakuli. Maji ni yake, kiberiti ni chako. Mwache achague mmea wa kumwagilia, na usimsahihishe akisema salamu kwa maneno yake. Wa jirani yangu, wa miaka minne, husema “Hodi Biligidi,” anamwaga nusu ya maji sakafuni, na mimi huchukua tambara nikafuta.